Riale Mbili za 1780 na Hela Mbaya ya Tabora: Ipi Bandia?

*Swali:* Shikamoo mzee wangu. Baba alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake kopo la biskuti lenye sarafu nane. Asili yetu ni Pangani, na babu yake baba alikuwa na duka la nguo pale enzi za Mjerumani. Nimezipima kwa mizani ya jirani yetu sonara: riale mbili zilizoandikwa 1780, moja gramu 27.9 na nyingine 22.6; rupia ya Victoria ya 1890, gramu 11.5, rupia ya Kijerumani ya mwaka huohuo, gramu 11.2, mlio wake umefifia na juu ina alama ya lehemu. Sarafu moja ya rupia mbili ya 1894, gramu 17.8, inanata kwenye sumaku. Sarafu ya dhahabu yenye tembo, 1916, gramu 4.1, sarafu moja ya hela 20 ya 1916 ambayo ni mbaya mno, kama imechongwa na mtoto, na pesa moja ya shaba yenye picha ya mizani. Mnunuzi mmoja aliziangalia akasema zote bandia, ila atatusaidia kwa shilingi 60,000. Kaka anataka tumpe. Mimi nataka kwanza nizisafishe nizione vizuri. Unatushauri nini?

*Jibu:*

Marahaba, binti yangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Kwanza mwambie kaka asiuze, na wewe usisafishe. Mnunuzi anayesema mzigo wote ni bandia kisha anautaka wote, ama hakuangalia ama ameangalia vizuri sana. Kwa vipimo ulivyoniletea, pamoja na barua yako ya pili na picha ulizotuma baadaye, sarafu nne kati ya nane sioni sababu ya kuzitilia shaka, tatu ni bandia, na moja bado siwezi kuisemea. Na katika hizo tatu, iko moja ambayo ningekuwa mimi nisingeitoa nyumbani kwa bei yoyote.

Umefanya jambo la maana kuzipima kabla ya kuuliza. Wengi huniletea picha ya upande wenye sura tu, tena iliyopigwa usiku chini ya taa. Sura ndiyo kitu ambacho mghushi hukishughulikia kuliko vyote. Uzito na ukingo ndivyo anavyovisahau, au havimudu.

Tuanze na riale, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupotea. Hizi ndizo wazee wa pwani walizoziita reale ya Sham, kuzitofautisha na reale ya mzinga ya Kihispania, ambayo nguzo zake mbili watu waliziona kama mizinga. Aliyechorwa ni Maria Theresia wa Austria, aliyefariki Novemba 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikuwa wamekwisha kuizoea sura ile na hawakutaka nyingine, kwa hiyo sarafu ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule wa 1780 miaka na miaka baada ya mama huyo kuzikwa. Vienna waliendelea nayo. Mwaka 1935 Mussolini, mtawala wa Italia, akijiandaa kuivamia Uhabeshi, akapata haki ya kuipiga Roma; Waingereza nao wakaanza kuipiga London mwaka 1936, kisha ikapigwa hata Bombay na Birmingham. Vienna wanaipiga mpaka leo.

Kwa hiyo akikujia mtu akasema, "Hii haiwezi kuwa ya 1780, mbona haijalika, basi ni bandia," amechanganya mambo mawili. Riale iliyopigwa 1938 si ya zamani kama ilivyoandikwa, lakini si bandia. Imetoka kwenye kiwanda cha serikali, ina uzito kamili na fedha kamili. Bandia ni ile iliyotengenezwa ili imdanganye anayeipokea.

Riale halali ina gramu 28.07 hivi, na katika kila sehemu 1,000 za madini yake, 833 ni fedha. Hiyo ni zaidi ya gramu 23 za fedha tupu. Yako ya kwanza ina gramu 27.9, upungufu ambao mikono ya watu na miaka huuleta bila taabu. Sasa isimamishe kwa ukingo uizungushe polepole mbele ya dirisha. Utaona maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma, yakitenganishwa na mapambo. Chini ya bega la malkia tafuta herufi S.F., na baada ya 1780 alama kama X. Wazee ambao hawakujua kusoma herufi hata moja ya Kilatini waliikagua sarafu hii kwa kidole: walihesabu lulu za kile kipini kilicho begani, wakapapasa ukingo. Ukiyakuta hayo yote, riale yako ni nzima.

Ile ya gramu 22.6 ni habari nyingine. Imepungua zaidi ya gramu 5, na kwa matumizi ya kawaida sarafu ingefika huko ikiwa imefutika sura zote mbili. Yako, kwa maelezo ya barua yako ya pili, sura bado inaonekana ingawa haina ukali, ukingo ni mtupu, kipenyo ni milimita 39 wakati mwenzake ana 40, na ina mkato kama wa patasi ambao ndani yake ni manjano. Hiyo manjano imekwisha kukujibu. Ni shaba ya manjano iliyopakwa fedha juu.

Upungufu wa milimita moja nao si bahati mbaya. Mghushi wa zamani hakuwa na mitambo ya kupiga chapa. Alichukua riale nzuri, akaikandamiza kwenye udongo laini au mchanga wa wahunzi akapata kalibu, kisha akamimina madini yaliyoyeyuka. Madini yakipoa hunywea kidogo, ndiyo maana mtoto huwa mdogo kuliko mama yake. Chukua kioo cha kukuzia uangalie sehemu tambarare karibu na shingo ya malkia: sarafu ya kumimina huwa na vitundu vidogovidogo vya hewa, kama uso wa chapati, na herufi zake miguuni ni za mviringo, hazijasimama wima. Sarafu iliyopigwa chapa huwa na uso laini na herufi zenye kona kali. Angalia na ukingo kama una mstari wa kuunganisha kalibu, au mahali palipopigwa tupa ili kuuficha mstari huo. Maneno ya ukingoni ndiyo yaliyomshinda huyu fundi. Kwenye kalibu ya vipande viwili hayatoki vizuri, na hapo ndipo vidole vya wazee vilipomkamata.

Na walimkamata kweli. Ule mkato wa patasi si ajali. Ndivyo mtu alivyopima riale aliyoitilia shaka: anakata ukingoni aone ndani kuna nini. Mtu fulani, zamani, alikata yenu akaona manjano. Siwezi kukuapia kuwa ni babu yake baba, lakini fikiria mwenyewe: mwenye duka la nguo Pangani, amepokea riale, ameikata, amegundua amepata hasara ya riale nzima, na badala ya kumtupia mteja mwingine ameitia kopo. Inawezekana pia aliipokea ikiwa imekwisha kukatwa, kama kitu cha kuonyesha. Vyovyote iwavyo, hiyo ni bandia iliyozeeka pamoja na ukoo wenu. Hii ndiyo niliyosema nisingeitoa. Wapo hata wakusanyaji wanaotafuta bandia za enzi zile kwa makusudi na kuzilipia, mradi ziuzwe kwa jina lake la kweli.

Rupia mbili za 1894 ni bandia ya aina nyingine kabisa, na hii nakuomba uitenge na zile nyingine leo hii. Rupia mbili za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilitoka kwa miaka miwili tu, 1893 na 1894, zina milimita 35 na gramu 23.32, na fedha yake ni 917 kwa 1,000. Ni adimu, na bei yake ndiyo inayowavutia watengenezaji. Fedha hainati kwenye sumaku. Shaba hainati, dhahabu hainati. Katika sarafu zote za Mjerumani huku kwetu hakuna hata moja ya chuma. Hata zile senti zenye tundu ni mchanganyiko wa shaba na nikeli ambao sumaku haiuvuti. Ukichukua ukubwa wa rupia mbili ukaujaza chuma badala ya fedha, hesabu inakupa karibu gramu 17.7. Wewe umepata 17.8. Hiyo ni chuma iliyopakwa rangi ya fedha, kazi ya mashine ya miaka ya karibuni, ya aina wanayouziwa watalii. Haikuwemo kwenye duka la Pangani. Kuna mtu ameiingiza kopo hilo baadaye, huenda kwa mapenzi tu, alimletea mzee zawadi akijua anapenda vitu vya kale. Ulizeni, lakini msigombane.

Ile ya tembo inaniuma kukuambia, maana najua ndiyo mliyoitegemea. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wamewazibia Wajerumani njia ya bahari, serikali yao ilipiga sarafu zake yenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Ya dhahabu ilikuwa ya rupia 15: tembo ameinua mkonga, nyuma yake mlima, na dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa takribani 16,000 tu kabla Wabelgiji hawajauchukua mji ule Septemba mwaka huohuo. Sarafu halali ina gramu 7.17, na robo tatu yake ni dhahabu. Yako ina 4.1. Dhahabu ni nzito; kitu cha ukubwa ule kikiwa cha shaba ya manjano kitakuwa na gramu 4 hivi, na hapo ndipo ulipo. Haiwezi kulika hata ikapungua karibu nusu. Dhahabu ya Tabora ndiyo inayoghushiwa kuliko karibu kila sarafu ya eneo letu, kwa hiyo mtu yeyote akikuletea nyingine, kabla hujamtazama tembo usoni, iweke kwenye mizani.

Sasa njoo kwenye ile hela mbaya. Hii ndiyo sababu iliyonifanya nikujibu kwa urefu.

Umeandika kwamba ni mbaya mno, kama imechongwa na mtoto, na nadhani hata nyinyi wenyewe mlikuwa mmeikatia tamaa. Lakini ndivyo zilivyo! Karakana ileile ya Tabora ilipiga hela 5 na hela 20 kwa ajili ya mishahara ya askari na mahitaji ya soko, kwa shaba yoyote iliyopatikana, mabomba, mabaki, maganda ya risasi za mizinga. Mihuri ya kupigia ilichongwa kwa mkono na mafundi waliokuwapo, ikachakaa haraka, ikachongwa mingine. Ndiyo maana taji limekaa upande, herufi zimejaa, duara si duara, na mbili zilizotoka siku moja hazifanani uzito. Nyingine ni za shaba nyekundu, nyingine za manjano. Tafuta taji juu, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka 1916, na chini herufi T ya Tabora. Upande wa pili 20 HELLER ndani ya shada la majani. Picha uliyoituma inazo zote. Hiyo ni halali, na ni ya vita.

Mtu aliyezoea sarafu za London na Berlin akiiona hiyo anaitupa, halafu anaipokea ile ya chuma inayong'aa. Nimeona hivyo mara nyingi mno. Uzuri wa sarafu haukuambii kama ni halali. Na neno hela tunalolitamka kila siku limetokana na hiyohiyo heller ya Mjerumani, iliyokuja mwaka 1904 pale rupia ilipogawanywa kwa 100 badala ya pesa 64. Mnalo kopo lenye pesa, hela, rupia na riale pamoja. Si kila nyumba inayo.

Pesa yenye picha ya mizani ni ya Sayyid Barghash bin Said wa Zanzibar. Kama mwaka wake wa Hijria ni 1299 ni ya 1882 hivi. Iko na ya 1304. Shaba tupu, thamani ndogo, hakuna aliyekuwa na faida ya kuighushi. Iache kama ilivyo. Rupia ya Victoria nayo, ikiwa na gramu 11.5 kati ya 11.66 zinazotakiwa na sura iliyolika kidogo, inaeleweka. Rupia za India zilizunguka huku kote, kutoka Unguja hadi bara, kabla na hata wakati wa Mjerumani.

Nitahadharishe jambo moja hapa, maana nimesifu sana mizani. Uzito sawa peke yake hautoshi. Risasi ni nzito kuliko fedha na bati ni jepesi, kwa hiyo fundi mwerevu aliweza kuvichanganya akapata uzito anaoutaka. Kwa rupia ya Victoria, fanya vitu viwili vya haraka: iweke kwenye ncha ya kidole, igonge taratibu kwa sarafu nyingine usikilize. Fedha hulia na mlio hukaa. Risasi na bati hutoa kishindo kikavu kinachokatika palepale. Kisha sugua ukingo wake kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikiacha mstari wa kijivu kama wa penseli, ina risasi.

Inabaki rupia ya Kijerumani ya 1890, na hapa lazima niende taratibu. Gramu 11.2 ni pungufu, lakini umesema imelika, na kichwa cha Kaisari mwenye kofia ya tai kimebaki umbo tu. Kulika na kupungua vikienda pamoja havinishtui. Kinachonishtua ni sarafu kali kama wembe ambayo bado ni nyepesi. Mlio uliofifia nao una maelezo, ile lehemu. Wanawake wa pwani walivaa rupia kwenye vidani, na sonara aliunganisha kipete juu. Lehemu ikibaki, hata sarafu safi kabisa haitalia vizuri. Yenye ufa pia hailii. Kwa hiyo kwa hii, sikio halitusaidii.

Yatusaidie maji. Rudi kwa jirani yako sonara, mwombe mizani yake inayosoma sehemu za mia za gramu. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, kisha ibonyeze isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe ndani ya maji mpaka izame yote, lakini isiguse chini wala pembeni. Wewe ndiye unayeushika uzi. Itikise kidogo viputo vya hewa vitoke. Namba itakayosomeka kwenye mizani ndiyo ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wake wa kawaida kwa namba hiyo. Fedha ya rupia hukupa 10.3 hivi. Shaba ya manjano haifiki 9. Fanya hivyohivyo na riale ya kwanza, utapata karibu 10.2 kwa sababu fedha yake ina shaba zaidi, na fanya na ile ya patasi uone tofauti kwa macho yako.

Wapo watakaokuambia upeleke kwa wanunuzi wa dhahabu wenye mashine ya miale inayosoma madini. Ni mashine nzuri, lakini husoma ngozi ya juu. Kitu kilichovikwa fedha nene kinaweza kuipita. Maji hayasomi ngozi, yanapima mwili mzima.

Kuhusu kusafisha: hapana. Limau, majivu, chumvi, dawa ya meno, mchanga laini wa pwani, vyote nimeviona vikitumika na vyote vinakwangua. Weusi ulioko kwenye fedha ni hali ya fedha yenyewe baada ya miaka mingi, nao unailinda. Mnunuzi anayejua akiona sarafu kuukuu imeng'arishwa hushusha bei palepale, na ukiipiga msasa riale ya patasi utafuta hata ushahidi wa ule mkato. Kama kuna mafuta au vumbi, maji safi na kitambaa laini cha pamba, kubonyeza tu bila kusugua. Lehemu usiiguse. Kila moja itie kwenye bahasha yake ya karatasi, usitumie mifuko ya plastiki laini, hutoa kemikali inayobaki juu ya sarafu.

Juu ya kila bahasha andika uzito, kipenyo, na ulichoambiwa kuhusu hiyo sarafu. Kwenye zile tatu andika BANDIA kwa wino, wazi, ili mjukuu wako asije akaziuza kwa mtu kama halali akaingia matatani bila kujua. Na kabla ya kuandika, keti na shangazi uliyemtaja, huyo wa Pangani. Mwonyeshe riale ya patasi mkononi, asione bahasha, umwachie aseme mwenyewe. Muulize pia nani alivaa kidani chenye ile rupia ya lehemu.

Ukishaitia rupia ya 1890 majini, niandikie namba. Ikisoma kati ya 1.07 na 1.10, mnazo tano halali na mweleze kaka hivyo. Ikisoma 1.25 au zaidi, niletee picha ya ukingo wake mchana, mahali penye lehemu pakionekana.